Azale Zilizofagiliwa

Tulimzika Tantine Leonsi asubuhi, na tuliporudi kutoka makaburini nikakuta watu wa upande wa marehemu mume wake wamekwisha kuanza kupima ukuta wa mbele kwa kamba. Hawakuona haya hata ya kungoja chakula cha matanga kiive. Walisema pale pangefaa duka, kwa kuwa barabara ya mtaa wa Lumumba sasa inapitisha pikipiki kutwa kucha, na mtu anayeuza sabuni na kredi ya simu hawezi kulala njaa. Kamba yao ilipita chini ya dirisha la saloni, chumba cha kupokea wageni, juu ya ukanda wa udongo mwekundu usio na hata jani moja, udongo uliofagiwa ukafagiwa hadi ukawa mgumu mithili ya sakafu. Mmoja akaupiga kwa kisigino akasema, "Hapa udongo iko nguvu, hata fondasio haitatusumbua." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha kukodi, chai imenipoa mkononi. Nilikuwa nimetoka Mahagi katika msafara wa magari, roho mkononi njia nzima kwa kuogopa watu wenye silaha, na sikuwa na nguvu ya kugombana na mtu. Kila aliyenipitia aliniambia kwamba Tantine amepumzika. Watu wa matanga wana maneno yao, wanayagawa pamoja na viti, na mimi siyapendi. Mtu aliyekata tamaa miaka mingi kabla ya kufa hapumziki kwa kufa, anamaliza tu.

Niliishi katika nyumba ile mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, ili nimalizie masomo na kufanya egzameni ya Leta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Habari za baba na mama yangu nitaziacha, hazina kazi hapa. Itoshe kusema Tantine alikuwa dada mkubwa wa mama, mjane, fundi wa kushona, na hakuwa amejaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa na saloni, vyumba viwili, na jiko la nje la mbao ambamo mbabula, lile jiko dogo la makaa, iliwaka tangu alfajiri. Saloni ilikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma vilivyotiwa wanga hadi vikasimama wima, cherehani kwenye kona, na lile dirisha. Nililala chini ya dirisha lile, kwenye godoro lililokunjwa mchana, na kila kilichosemwa nje nilikisikia kana kwamba kinasemwa kwangu. Chini yake, upande wa jua la asubuhi, palikuwa na azale.

Wengi Bunia hawajui azale ni nini, na sishangai. Ni kichaka kifupi chenye majani madogo, ambacho mwaka mzima hakikuambii chochote, kisha mvua za Machi zikianza kinachanua mara moja hadi majani yasionekane. Zilikuwa za rangi ya waridi, isipokuwa moja nyeupe iliyokuwa karibu kabisa na dirisha. Mume wake, Tonton Anselme, ndiye aliyezileta. Alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba za wakubwa wa mgodi, upande wa Nizi, na kazi ilipokufa na wakubwa wakaenda zao, bustani ziliachwa zijifie. Aliendelea kupita pale akiangalia kipi kinaishi. Tantine alinisimulia alivyochagua. Mti mkubwa wa rododendro, wenye majani mapana na maua makubwa mithili ya kabichi, aliuacha ingawa ndio uliokuwa fahari ya bustani nzima, akasema ule unataka baridi ya milima, joto la Bunia litauchoma. Akachukua azale fupi zilizokaa upande wa uvuli bila kunyweshwa na mtu, zikachanua vilevile. "Alisema, uchague yenye imekwisha kuteseka," Tantine aliniambia akicheka. "Na mimi njo vile alinichagua." Alizibeba kwenye makopo ya maziwa, safari kwa safari, nyuma ya baisikeli.

Kisha akafa kwa ugonjwa, huko huko Nizi alikokuwa akitafuta kazi nyingine, akazikwa huko. Tantine alifika kaburini mara chache. Baadaye barabara ikaharibika, si kwa mashimo bali kwa watu wenye silaha, na hakuna aliyefika tena. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa azale. Alizitunza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake katika jambo jingine. Alinifundisha kwamba azale haichimbiwi shimo refu. "Usiizike," alisema, "uiketishe," kwa kuwa mizizi yake ni myembamba kama nywele za kichanga na hukaa juujuu, karibu na hewa. Jembe lisifike pale kabisa. Majani makavu yaachwe yaifunike miguu, na maganda ya kahawa juu yake, ili udongo ubaki mchachu na unyevu. Inyweshwe maji ya mvua kutoka kwenye pipa, si ya bomba. Na zaidi ya yote, majivu yasiikaribie. Majivu ni rafiki wa maharage na migomba, kila mwanamke wa Ituri humwagia shamba lake majivu, lakini azale yanaiua, yanaondoa ule uchachu inaoishi nao. Maman Feza, jirani yetu aliyepamba altare ya parokia, siku moja alimwaga majivu ya mbabula kwenye ua na upepo ukayaleta upande wetu. Tantine alitoka na ufagio akamkimbiza hadi barabarani, mbele ya watu wa pikipiki. Mtaa ulicheka wiki nzima. Walipatana baadaye, maana tangu zamani kila Pasaka Maman Feza alikuja na beseni kuomba maua ya altare, akipewa ya waridi tu. Nyeupe haikukatwa.

Koko Rosa, koko maana yake bibi, alifika wakati wa mvua, baada ya masomo kuanza. Alikuwa mama mzazi wa Tonton Anselme, mkulima wa Djugu, mwanamke mrefu ambaye uzee ulikuwa umemkausha bila kumwinamisha. Pikipiki ilimshusha kwenye lango akiwa na kikwembe alichokivaa na jembe. Hakuwa na mfuko wala sufuria, jembe tu, mpini wake umelainika kwa miaka ya viganja. Alikuwa shambani akipalilia wenye silaha waliposhambulia kijiji. Alikimbia alivyosimama, na jembe likaja naye kwa sababu lilikuwa mkononi. Methali husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na lake, na siku ile sikujua kwamba jambo hilo si la kuchekesha. Tantine alipiga magoti kumpokea, akamvua viatu, akampikia bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa ndakala. Koko alikula ameinamisha kichwa, polepole, akiacha samaki upande. Kuhusu nyumba yake hakusema kitu. Kuhusu waliobaki nyuma hakusema kitu. Alipokwisha kunawa akauliza jambo moja tu.

"Kaburi ya mutoto yangu, nani anaifagia sasa?"

Tantine akaweka sahani chini. "Mama, kule hakuna mutu anafika. Barabara imefungwa." Kisha akamshika mkono akamtoa nje, hadi chini ya dirisha. "Lakini iko hapa. Hii maua njo yeye alipanda na mikono yake. Kwa miye kaburi yake njo hii."

Nimelifikiria neno lile miaka yote hii. Lilikuwa neno zuri, la faraja, lililotoka moyoni, na ndilo lililotumaliza. Kwa sababu kwetu kaburi lina desturi yake. Kaburi halikai na majani makavu. Kaburi linapaliliwa hadi udongo uonekane, linafagiwa, na mama anayeacha kaburi la mwanawe lifunikwe na takataka watu wanamsema. Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti ya jembe chini ya kichwa changu, ko, ko, ko, pole na imara. Nilichungulia. Koko Rosa alikuwa amefagia majani yote na maganda yote ya kahawa akayarundika kwenye shimo la taka, na sasa alikuwa akipalilia kuzunguka kila shina, akivunja udongo vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Tantine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kitambaa cha kichwa hakijafungwa. Nilingoja apige kelele. Nilikumbuka Maman Feza na ule ufagio.

"Aksanti, mama," alisema.

"Kaburi ya mutu haikai chafu bile," Koko akajibu bila kuinua kichwa. "Batu wakipita watasema Anselme hana mama?"

Kisha akaenda jikoni, akakung'uta majivu ya mbabula ya jana kwenye sahani ya bati, akarudi, akaigawia kila azale sehemu yake. Nyeupe akaizidishia, kwa kuwa ilionekana dhaifu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Jembe, ufagio, majivu. Kazi ile ilimfufua. Yule mwanamke aliyekula ameinama alianza kuinua uso, akaanza kunitania kwamba mikono yangu ya kushika kalamu haiwezi kuosha sufuria, akapanda mchicha wa lengalenga nyuma ya bafu, akawa anaimba kwa sauti ndogo, kwa kilugha chao nisichokijua. Nilimpenda. Nasema hivi wazi kwa sababu mtu akisikia hadithi hii anataka kumpata wa kumchukia, na hayupo. Lakini nilikuwa kijana, na kijana anaona kosa linanyooshwa haraka: mwambie, aache, basi. Mchana mmoja Koko alipokuwa amelala nikamfuata Tantine jikoni, alikokuwa akichambua maharage.

"Tantine, umuambie. Maua itakufa."

"Itakufa, ndiyo," alisema. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa amekwisha kuyaona majani. "Na weye unataka nimuambie nini? Kama aache jembe? Atabakia na nini?"

"Nitamuambia miye."

Aliacha maharage. Sijawahi kuangaliwa vile tena na mtu. "Fransine, kaa chini. Siku ya matanga ya Anselme, ndugu zake balikuja na kufuli. Na kufuli, mutoto! Balisema miye sikuzaa, hakuna kitu kinanifunga na nyumba yao, nirudie kwetu. Njo huyu mama alitandika kikwembe yake kwa mulango, akalala chini, akasema: mwenye anataka kufunga hii nyumba apite kwanza juu ya mugongo yangu. Huyu iko mutoto yangu. Mbele ya batu yote. Miye sikumupa hata mujukuu moja, na alisema bile." Akarudi kwenye maharage yake. "Sasa ule mutu nimuambie kama mukono yake inaua? Hapana. Maua ni maua."

Si kweli. Hayakuwa maua tu, na yeye alijua kuliko mimi. Majani yalianza kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kisha kingo zikaungua, kisha yakaanguka, na kila lililoanguka Koko alilifagia kabla ya saa mbili. Alipoona zinadhoofika aliongeza majivu. Kiangazi kilipoingia udongo ule mtupu, usio na kitu cha kuufunika, ulipasuka. Nilimwona Tantine akitoka kwa kisingizio cha kuanika nguo, akisimama mbele ya ile nyeupe, akiigusa jani na kurudi. Kwenye cherehani alikosea mishono aliyokuwa akiifanya amefumba macho. Wateja walilalamika. Jioni tulikula watatu saloni, bugali na samaki wa chumvi wa makayabo, Koko akimega tonge akieleza jinsi viazi vyake vya Djugu vilivyokuwa vikubwa kuliko ngumi, na Tantine akiitikia, "Ndiyo, mama, kweli mama," kwa sauti ya mtu aliyeketi mbali sana na meza.

Alijaribu mara moja tu kujiokoa. Kabla ya kiangazi kukaza alikata vijiti vichanga vya ile nyeupe, akavipanda kwenye makopo yenye mchanga na udongo wa majani, akavifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa, tukayaficha nyuma ya pipa la maji ambako Koko hakuwa na kazi. Nilivinywesha kwa kijiko. Vilishika. Nakumbuka siku nilipoona kijani kipya kwenye ncha, jani dogo lililokunjwa, nikamwita Tantine kwa kidole, na akaziba mdomo kwa mkono wake. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona akifurahi. Jumapili iliyofuata tulikuwa tukirudi kutoka kanisani, Koko ametangulia kwa kuwa hakupenda hotuba ndefu, tukasikia sauti yake kabla hatujafika kwenye lango.

"Leonsi! Leonsi! Kuya uone! Anselme iko na batoto!"

Alikuwa ameketi chini uani, miguu ameinyoosha mithili ya msichana, makopo yamepangwa mbele yake juani, chupa zimeondolewa. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa akicheka. Alitushika mikono akatuketisha. Alisema alikuwa akijua, Mungu hawezi kumwacha mtu aende bila kuacha kitu, na kwamba sisi tulitaka kumshtukiza kwa furaha na yeye ametuharibia. "Nimewapa kidogo kidogo tu," alisema, akituonyesha ile sahani ya bati. "Bado iko batoto." Juu ya kila kopo palikuwa na kijiko cha majivu, kimesawazishwa kwa kidole.

Tantine aliitazama ile sahani. "Aksanti, mama," akasema. Akaingia ndani kuvua nguo za kanisani, na sikumsikia akilia. Ningependa niseme alilia. Vile vijiti vilikauka siku chache baadaye, na kuanzia hapo hakutoka tena kuigusa ile nyeupe.

Machi mvua zikaja. Mtaa mzima ukawa kijani, hadi magugu ya kwenye mifereji, na chini ya dirisha letu pakasimama fimbo. Koko alizipalilia vilevile. Alisema mwaka huu zimechelewa. Sijui kama aliamini. Nafikiri mkulima aliyefikia umri ule anajua mti uliokufa, lakini kuna mambo ambayo mtu akiyajua hana mahali pa kuyaweka, na yeye alikuwa amekwisha kujaza kila mahali. Kisha, siku chache kabla ya Pasaka, Maman Feza akaja na beseni lake. Mimi nilikuwa saloni nikipiga pasi sare ya shule, pasi ya makaa, dirisha wazi. Koko alikuwa nje kwenye kigoda, akichambua mchele. Tantine alitoka haraka kumpokea Maman Feza kwenye lango, nadhani ili amgeuzie pale pale, lakini yule alikuwa na miguu mirefu na alikuwa mwenyeji.

"Eh! Leonsi! Nini hii?" Nilisikia beseni likiwekwa chini. "Yote imekufa? Na hii iko nini hapa chini... majivu? Nani alitia majivu?"

"Ni miye," Tantine akasema.

"Weye?"

"Nilitia mwaka hii. Nilisema nijaribu."

"Weye mwenye ulinikimbiza na ufagio mpaka kwa barabara, juu ya majivu ya mbabula moja? Weye mwenye unatuambia kila siku majivu inaiua? Leonsi, uko mugonjwa?"

Niliinua pasi ili isiunguze sare, nikachungulia. Mkono wa Koko ulikuwa umesimama juu ya ungo. Maman Feza alimtazama Koko, akaitazama sahani ya bati iliyokuwa kando ya kigoda, na nikaona akielewa, na jinsi alivyotamani ardhi immeze. Alisema ataomba maua kwa masista. Akaondoka na beseni tupu, na Tantine hakumsindikiza.

Kisha Koko akasema, bila kumtazama, "Leonsi. Ni majivu?"

"Hapana, mama. Ni jua. Mwaka hii jua ilikuwa kali sana."

"Usinidanganye. Miye nalima tangu sijavaa nguo." Aliweka ungo chini. "Ulijua tangu lini?"

Tantine alitazama mlango wa jiko.

"Tangu siku ya kwanza," Koko akajijibu. "Ulisimama pale kwa mulango ya jiko. Nilikuona. Uliniangalia nikimuua, ukaniambia aksanti."

"Mama, sikutaka kukuumiza. Weye ulinisimamia. Siku ile ya kufuli..."

"Siku ile nilisema uko mutoto yangu." Sauti yake haikupanda. Ningefurahi kama ingepanda. "Mutoto anaambia mama yake: mama, hapo unakosea, wacha. Mama anakasirika, jioni inaisha. Mutu mwenye hatuambie kitu, mwenye tunamuacha afanye bile anataka, tunamuambia aksanti, ule ni mugeni. Kumbe miye niko mugeni kwako, Leonsi. Ungeniambia neno moja tu. Neno moja, ningeacha."

Tantine alipiga magoti pale pale kwenye udongo uliofagiwa. Alisema maneno mengi, nusu Kiswahili nusu kilugha, akimshika miguu. Koko hakumsukuma, hakumwinua. Alikuwa akiangalia zile fimbo. Wakati huo nilikuwa naamini kwamba mtu akiwa na heshima na nia njema, Mungu humtafutia njia. Wanasema wema hauozi. Nilisimama na pasi mkononi nikayaona matunda ya wema wa miezi yote ile, na imani yangu ikaondoka, haijarudi, wala sijaenda kuitafuta.

Asubuhi hapakuwa na sauti ya jembe. Koko alikuwa amelisimamisha kwenye ukuta wa jiko, makali chini. Alikaa nasi hadi Pasaka ikapita, akila kidogo, akijibu akiulizwa, kisha mwanamke mmoja wa kijiji chao akapita kumwona na akaondoka naye kwenda kwenye kambi ya waliokimbia, pembeni mwa mji, chini ya mabashi, yale maturubai ya misaada. Tantine alishika kikwembe cha Koko kwenye lango. Alisema, "Mama, nyumba ni yako." Koko akasema, "Najua." Akaenda bila jembe.

Tantine alimfuata huko kila siku aliyoweza, na mara nyingi nilikwenda naye kubeba sufuria. Tulimkuta ameketi mbele ya bashi, mikono mapajani. Watu wa misaada walimpa kila aliyekuja mbegu za kupanda kando ya mahema. Zake alimpa jirani. Alipokea chakula chetu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Aksanti, madame." Ni neno la adabu, unalomwambia mtu wa ofisi anayegawa mafuta na unga. Mara ya kwanza Tantine alidhani amekosea kusikia. Mara zote zilizofuata alilingoja, na lilipokuja alifumba macho. Mvua zilikuwa kali mwaka ule, maji yalipita ndani ya mahema, na Koko akapata kikohozi ambacho kilimmaliza kabla sijafanya egzameni. Walitutumia habari asubuhi. Tulipofika alikuwa amekwisha kufunikwa. Tantine aliomba afe naye ndani ya bashi lile. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani kwa sababu miguu ilikataa, na hakuna pikipiki iliyotaka kubeba mwanamke anayepiga kelele vile. Kaburi la Koko leo siwezi kukuonyesha. Kambi ilihamishwa, watu wamejenga.

Egzameni nilishinda. Hakuna aliyeshangilia, na nilipopata diploma niliiweka chini ya godoro nikaondoka Bunia mwezi uleule. Tantine aling'oa zile fimbo mwenyewe kwa mikono, akazitia kwenye mbabula, akapikia maharage. Nilidhani atapanda nyingine, kwa kuwa palikuwa na azale zilizobaki katika bustani moja au mbili za mjini na angepewa kijiti. Hakupanda. Nilipokuja kumtembelea miaka iliyofuata, nimeolewa, nimezaa, nimezeeka kidogo, nilimkuta na ufagio asubuhi chini ya dirisha, akifagia ule ukanda mtupu, akiokota kila jani lililoletwa na upepo. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajichosha. "Koko alipenda iwe safi," alisema. Alifagia hadi wiki aliyoshindwa kuinuka kitandani. Jembe lilikuwa bado limesimama kwenye ukuta wa jiko; mchwa walikuwa wamekula mpini.

Jana tulivunja matanga. Wanaume walizima moto waliokuwa wakiota uani, viti vikarudishwa, masufuria yakasuguliwa kwa mchanga. Mke wa yule aliyepima ukuta, binti mpole, mjamzito, anayeniita mama na kupiga goti akinipa kitu, alikusanya majivu yote ya moto na ya mbabula kwenye beseni kubwa akalijitwisha. Alisimama uani akitafuta mahali. Kisha akaelekea kwenye dirisha la saloni. Nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama, mkono umenyooka, na kelele ya Tantine, ile ya siku ya Maman Feza, imenijaa kooni.

Aliniona akashtuka. "Mama, nisimwage hapa? Hapa kulikuwa kitu?"

Alikuwa akiningoja kwa heshima, beseni kichwani, jasho likimtoka. Ndani watu walikuwa wakicheka habari ya duka. Nilikaa tena kwenye kiti.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Hakuna kitu. Aksanti."

Akamwaga.